Mdogo wangu kapata mwajiri wa kumdhamini Australia, mikoani. Kipi ni sahihi na kipi ni mtego?

Mwakaleli_Juu

Kamwene wakuu, heshima kwenu.

Mdogo wangu ni makenika wa malori hapa Uyole, ana miaka 36. Ana cheti cha VETA, NVA Level III. Yupo gereji hiyo hiyo tangu 2020, na kabla ya hapo alifanya kazi Kitwe, Zambia, kuanzia 2018 mpaka 2019, kama miezi 14. Ana mke na watoto wawili wadogo.

Amefanyiwa usaili kwa video na kampuni ya malori iliyoko Dubbo, New South Wales. Wamemtumia barua ya ofa: fundi wa magari ya dizeli, mshahara dola 72,000 za Australia kwa mwaka pamoja na nyumba ya bure, viza namba 494. Halafu kuna wakala wa Dar aliyewaunganisha, anadai shilingi milioni 8 kama "ada ya nafasi ya udhamini" kabla karatasi hazijaanza kutembea.

Maswali yangu:
Hiyo 494 inakwendaje hatua kwa hatua, na nani analipa nini?
Gereji inamlipa taslimu kila Jumamosi, hana hati ya mshahara wala NSSF. Atathibitishaje kazi?
Hiyo milioni 8 ni halali?
Na cheti chake cha VETA kina majina mawili, wakati NIDA na pasi vina matatu. Kuna shida?

Naomba majibu ya watu wanaolijua jambo hili. Fedha ya kutafutatafuta hatuna.

---

Rungwe_Magharibi

Mkuu, nianze na ofa yenyewe, maana hapo ndipo naona kasoro ya kwanza.

Viza 494 ni ya fundi au mtaalamu anayedhaminiwa na mwajiri wa mikoani. Ilianza tarehe 16 Novemba 2019 ikachukua nafasi ya viza ya zamani namba 187. Inadumu miaka 5. Ina mafaili matatu, na mawili ya kwanza si ya mdogo wako kabisa:

Faili la kwanza, kampuni inaomba kuidhinishwa kuwa mdhamini. Ada yake ni dola 420, anailipa mwajiri.

Faili la pili, kampuni inateua nafasi na jina la mtu. Hapa ndipo penye uzito. Kazi iwe ya muda wote, iwe inatarajiwa kuwepo miaka 5, iwe kwenye orodha ya fani zinazokubalika (fundi dizeli ni namba 321212, yumo), na kampuni ioneshe kwamba ilitangaza kazi hiyo kwa Waaustralia angalau siku 28 ikakosa mtu. Juu ya hayo, kuna chombo cha mkoa husika kinachotoa ushauri rasmi kama mshahara unalingana na soko la eneo lile. Mwajiri pia analipa tozo ya mafunzo ya ufundi: dola 3,000 kama mauzo yake kwa mwaka hayafiki milioni 10, dola 5,000 kama yanafika. Tozo hii sheria inamkataza kumtwisha mfanyakazi kwa njia yoyote, hata kwa kukata mshahara kidogo kidogo.

Faili la tatu ndilo la mdogo wako: viza yenyewe. Ada ya mwombaji mkuu ni karibu dola 5,000, mke analipiwa kiasi hicho hicho, mtoto wa chini ya miaka 18 kama robo. Hizo ada hupanda kila tarehe 1 Julai, kwa hiyo chukueni namba kwenye tovuti ya Home Affairs, wizara ya Australia inayoshughulikia viza, siku mnayolipa. Kama mke hana ushahidi wa Kiingereza cha kawaida cha kujieleza, kuna malipo ya pili ya karibu dola 4,900 kwa ajili yake. Watu wengi hushtushwa na hii mwishoni kabisa, pesa ikiwa imeisha.

Sasa kasoro niliyoisema. Kuna kima cha chini cha mshahara ambacho uteuzi hauwezi kupita chini yake. Kwa mafaili yaliyopelekwa kuanzia 1 Julai 2025 kilikuwa dola 76,515, na hupandishwa kila Julai. Nyumba ya bure haihesabiwi humo, chakula hakihesabiwi, ovataimu isiyo ya uhakika haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni fedha ya uhakika. Kwa hiyo dola 72,000 na nyumba ni pungufu ya dola 4,515 hata kwa kima hicho cha 2025. Faili litakataliwa bila mjadala. Na hata mkifika kima hicho, kama fundi Mwaustralia pale Dubbo analipwa zaidi kwa kazi ile ile, na yeye alipwe zaidi.

Mwambie aiandikie kampuni kwa adabu: nyumba waiondoe au waibakize, ila mshahara wa fedha uvuke kima cha mwaka husika, na barua itaje saa 38 kwa wiki. Kampuni iliyowahi kudhamini mtu italielewa hilo mara moja. Ikisema "hiyo haina shida, wakala atarekebisha", hapo sina imani nayo.

---

Karani_wa_Soweto

Nimjibu kuhusu ushahidi wa kazi, kwa sababu ndipo mafundi wetu wa nyanda za juu wanapoanguka, tena mafundi wazuri kweli.

Kabla ya kuomba viza lazima awe na matokeo mazuri ya tathmini ya ujuzi. Kwa fundi dizeli chombo ni Trades Recognition Australia. Wana zaidi ya njia moja, na njia inategemea fani na nchi ya pasi. Kwenye tovuti yao kuna kifaa kiitwacho Pathfinder kinachokuonesha njia yako. Kwa ile inayoitwa Migration Skills Assessment, wanaangalia karatasi: mafunzo, na kazi ya kulipwa ya muda wote isiyopungua miaka 3, ambayo miezi 12 kati yake iwe ndani ya miaka 3 ya karibuni. Neno la kushika hapo ni "ya kulipwa". Barua ya mwenye gereji kusema "namfahamu, ni fundi hodari" inathibitisha kazi, haithibitishi malipo. Barua ya serikali ya mtaa haithibitishi hata kimoja, msiipeleke.

Kwa malipo wanataka kuona nyayo za fedha kutoka pande zaidi ya moja: hati za mshahara, kodi, taarifa ya benki, michango ya hifadhi ya jamii. Mtu wa kulipwa taslimu Jumamosi hana hata moja. Afanye hivi:

Kwanza akusanye kilichopo. Kama kuna miezi alilipwa kwa simu, achukue taarifa ya miamala ya M-Pesa au Airtel Money yenye muhuri wa kampuni ya simu, inayoonesha jina la mwenye gereji. Daftari la malipo la gereji lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, hasa alipotia sahihi. Leseni ya biashara na TIN ya gereji, nakala zake zinahitajika ili ionekane gereji ipo kisheria.

Pili, kuanzia mwezi huu mwenye gereji amsajili NSSF na amlipe kwa benki. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Kama mshahara unazidi shilingi 270,000 kwa mwezi, PAYE, yaani kodi ya mshahara, nayo ilipwe. Kumsajili ni wajibu wa mwajiri kisheria, hamumwombi fadhila. Najua wenye gereji wengi wataona gharama, lakini gereji inayotaka tenda za kampuni kubwa za usafirishaji nayo inahitaji karatasi hizo hizo.

Hapo mtasema: basi ni kusubiri. Inawezekana kabisa. Kama ya nyuma hayatoshi, itabidi miezi ijengwe upya ikiwa safi. Ukomo wa umri kwa 494 ni awe hajafikisha miaka 45 siku anayoomba. Ana miaka 36. Muda anao.

Kitu ambacho namsihi asiguse: hati za mshahara za kutengenezwa stesheneri. Sheria yao ya uhamiaji ina kigezo namba 4020. Wakibaini hati ya uongo, viza inakataliwa na anafungiwa miaka 3. Ikiwa uongo unahusu utambulisho wa mtu, miaka 10. Na wanapiga simu. Atakayepokea kule Uyole akisema "mshahara? sisi tunalipana kwa kazi", basi.

Jambo la pili kwenye tathmini ambalo halisemwi sana ni upana wa kazi. Gereji zetu za barabara ya TANZAM zimegawana: huyu wa gia boksi, yule wa pampu na nozeli, mwingine wa umeme, mwingine wa breki za upepo. Kwa namba 321212 mtathmini anataka kuona fundi anayelimudu gari zima la dizeli: kubaini tatizo, kufungua na kufunga injini, mfumo wa mafuta, klachi na gia boksi, difu, usukani, breki, umeme wa gari, matengenezo ya ratiba. Mtu aliyefanya gia boksi tu kwa miaka sita anaweza kukataliwa ingawa kwa gia boksi hana mpinzani Mbeya nzima. Barua ya mwajiri iandike kazi hizo moja moja, na aina ya magari, Scania, Howo, FAW, chochote anachokigusa kweli, na vifaa anavyotumia, ikiwemo mashine ya kusoma makosa ya injini. Iwe na tarehe ya kuanza kazi, saa za kazi kwa wiki, jina na cheo cha anayesaini, na namba ya simu inayopatikana. Picha akiwa kazini zisaidie: uso uonekane, kazi ionekane.

---

Ndugu_wa_Ipogolo

Milioni 8 asitoe.

Tangu Desemba 2015, Australia ni kosa mtu kudai au kupokea malipo ili amdhamini mwingine kwa viza. Na yule anayelipa naye ana hatari yake: viza inaweza kufutwa hata kama ilishatoka. Kwa hiyo hata wakala akiwa mkweli na kampuni ikiwa ya kweli, malipo hayo yenyewe yanaharibu faili.

Kinachoruhusiwa kulipiwa na mdogo wako: mtihani wa Kiingereza, tathmini ya ujuzi, vipimo vya afya, vyeti vya polisi, ada ya viza yake na ya familia, na mshauri wake mwenyewe wa uhamiaji akipenda kuwa naye. Mshauri aliyesajiliwa Australia ana namba ya usajili iitwayo MARN yenye tarakimu 7, mnaitafuta wenyewe kwenye daftari la OMARA, ofisi inayosajili washauri hao, mtandaoni. Si lazima kuwa na mshauri. Kampuni nayo itafuteni kwenye ABN Lookup, daftari la biashara za Australia mtandaoni, ni bure: ina namba ya tarakimu 11, jina, jimbo, na kama bado hai. Kisha pigeni simu ya ofisi iliyo kwenye tovuti ya kampuni, msitumie namba iliyo kwenye barua ya ofa, muulize kama wanamjua aliyesaini.

Wakala wa hapa nchini anayepeleka watu nje anatakiwa awe na leseni ya serikali. Ulizeni TaESA, wakala wa huduma za ajira wa serikali, au ofisi ya kazi ya mkoa pale Mbeya kabla ya kumjibu.

Na mtu akiwaonesha stika ya viza ya Australia iliyobandikwa kwenye pasi, kimbieni. Viza yao siku hizi ni ya kielektroniki, inaangaliwa mtandaoni kwenye mfumo wao wa kuhakiki viza uitwao VEVO.

---

Mwakaleli_Juu

Asanteni sana wakuu. Nimemwambia asitishe mambo ya wakala leo leo, na barua ya mshahara anaiandika jioni.

Naongeza mawili. Amesoma sekondari mpaka kidato cha nne, masomo yote kwa Kiingereza. Bado anahitaji mtihani? Na tuna binamu Sydney, anasema afike kwanza Dubbo miezi michache halafu ahamie kwake. Linawezekana?

---

Binti_Mafinga

Kaka, mtihani anauhitaji. Kwa 494 wanaosamehewa ni wenye pasi za Uingereza, Marekani, Kanada, New Zealand na Ireland. Kusoma kwa Kiingereza hakumsaidii hapa. Kama anafanya IELTS ni alama 6 kwa kila sehemu: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza. Wastani wa 6.5 wenye 5.5 ya kuandika ni kufeli, na kuandika ndiko kunakowakwamisha mafundi. Makenika anaweza kuzungumza vizuri kabisa na mgeni, lakini insha ya maneno 250 kwa dakika 40 ni kazi nyingine. Ajipe miezi kadhaa ya kuandika kila siku, apate mtu wa kusahihisha. Walimu wa Kiingereza Mbeya wapo, si lazima kwenda kukaa Dar mpaka siku ya mtihani. Mtihani wa kufanyia nyumbani kwa kompyuta haukubaliwi, ni lazima kituoni. Matokeo yanatumika miaka 3, kwa hiyo yanaweza kutangulia wakati karatasi za gereji zinakomaa.

Kuhusu Sydney, hapana. Viza hii ina sharti namba 8579: kuishi, kufanya kazi na kusoma ndani ya maeneo ya mikoani tu, yeye pamoja na mke na watoto. Maeneo hayo ni nchi nzima ukiondoa Sydney, Melbourne na Brisbane. Perth, Adelaide, Hobart, Darwin na Canberra zote zinahesabiwa mikoani, kwa hiyo si kifungo cha kijijini kama watu wanavyosema. Kumtembelea binamu ni sawa. Kuhamia ni kuvunja sharti, na kunakula njia yake ya ukaazi wa kudumu. Baada ya miaka 3 kwenye 494 anaweza kuomba 191, ambayo ni ya kudumu na haihitaji mwajiri tena. Inataka hati za makadirio ya kodi za miaka 3 na awe ametii masharti. Akishapata hiyo, Sydney ni yake.

Na mwajiri akimwachisha? Aanze kazi ndani ya siku 90 za kufika. Baada ya hapo, kwa kanuni zilizobadilishwa 1 Julai 2024, kazi na mdhamini ikikoma ana mpaka siku 180 kwa mara moja, na jumla zisizidi 365 katika muda wote wa viza, atafute mdhamini mwingine wa mikoani. Ndani ya siku hizo anaruhusiwa kufanya kazi kwingine ili ale. Zamani zilikuwa siku 60 kwa viza ndugu ya 482, na waajiri wabaya walizitumia kutishia watu. Akidhulumiwa mshahara, Fair Work Ombudsman, ofisi ya serikali yao inayosimamia haki za wafanyakazi, ni 13 13 94, na akitaka mkalimani wa Kiswahili apitie 131 450. Ayahifadhi kwenye simu kabla hajapanda ndege. Mke wake anaruhusiwa kufanya kazi yoyote, kwa mwajiri yeyote wa mikoani.

---

Karani_wa_Soweto

Nimerudi kwa la majina, nilikuwa nimeliruka. Majina mawili kwenye cheti na matatu kwenye NIDA na pasi hayamzuii, ila yasiachwe bila maelezo. Aende kwa wakili au hakimu aape hati ya kiapo inayosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja, aambatanishe nakala ya cheti, kitambulisho na pasi. Kama herufi zenyewe zinatofautiana, tuseme Mwakyusa na Mwakiusa, bora VETA waombwe kurekebisha, maana mtathmini na ofisa wa viza ni watu wawili tofauti na kila mmoja atauliza upya.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha ndoa viwe vya RITA. Ndoa ya kanisani yenye cheti cha kanisa tu ishughulikiwe sasa. Kilichoandikwa Kiswahili kitafsiriwe Kiingereza, tafsiri iwe na jina, anwani, simu na sifa za mfasiri. BAKITA wanafanya kazi hiyo. Pasi kama hana ni shilingi 150,000, ofisi ya uhamiaji ya mkoa.

---

Rungwe_Magharibi

Nami niongeze Zambia. Home Affairs wanataka cheti cha polisi kutoka kila nchi mtu aliyokaa jumla ya miezi 12 au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, tangu alipofikisha miaka 16. Miezi 14 ya Kitwe imo. Kwa hiyo anahitaji vyeti viwili: cha Tanzania, na cha polisi wa Zambia kinachotolewa kwa alama za vidole Lusaka. Cha Zambia asikiache mwisho, na mke kama aliishi naye kule naye anakihitaji. Akiwa njiani apite kwa mwajiri wake wa Kitwe achukue barua ya kazi na hati za malipo. Kama kule alilipwa kwa benki na kukatwa michango, hiyo miezi 14 inaweza kuwa sehemu safi kuliko zote katika faili lake, na inapunguza muda wa kusubiri Uyole.

Vipimo vya afya vinafanywa kwa daktari aliyeidhinishwa na Australia tu, kwa namba iitwayo HAP ID inayotoka kwenye akaunti ya maombi. Kuna eksirei ya kifua. Kama kuna aliyewahi kutibiwa kifua kikuu katika familia, achukue kumbukumbu za matibabu hospitali aliyotibiwa kabla ya kwenda. Kuwa alitibiwa akapona si kikwazo, kukosa karatasi ndiko kunakochelewesha miezi.

Kwa mpangilio wa fedha: Kiingereza na tathmini vitangulie, maana bila hivyo viwili hakuna maombi ya viza. Ada kubwa ya viza msilipe mpaka kampuni iwatumie barua ya kuidhinishwa udhamini na barua ya uteuzi kukubaliwa. Sheria inaruhusu mafaili yote matatu kupelekwa pamoja, lakini uteuzi ukianguka na viza inaanguka nayo, na kwa mshahara ule wa dola 72,000 ungeanguka.

---

Mwakaleli_Juu

Nimeandika yote kwenye daftari. Kampuni imejibu usiku huu: wanakubali kupandisha mshahara wa fedha uvuke kima, nyumba watamkata kodi ya kawaida. Wanasema udhamini wao bado haujaidhinishwa, wanaanza maombi mwezi ujao, na hawamjui wakala huyo kwa lolote zaidi ya kuwatumia wasifu wa watu.

Mwenye gereji amekubali NSSF. Anauliza kama anaweza kulipa michango ya miaka ya nyuma ili ionekane.

---

Karani_wa_Soweto

Michango ya nyuma anaweza kwenda kuzungumza na NSSF, na atakutana na adhabu ya kuchelewesha. Ila ajue taarifa ya michango inaonesha tarehe ambayo fedha iliingia. Mtathmini akiona miaka mitano imelipwa siku moja atauliza, kwa hiyo iambatane na daftari la malipo la wakati ule na maelezo ya mwenye gereji ya kwa nini ilichelewa. Ikiwa daftari lipo na linaonesha sahihi, jaribuni. Ikiwa halipo, fedha hiyo aielekeze kwenye miezi inayokuja.

Na huyo mwenye gereji mwambie amlipe benki tarehe ile ile kila mwezi, kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye hati ya mshahara. Hati ikisema 600,000 na benki ikionesha 450,000 kwa sababu alikopa 150,000 katikati ya mwezi, mkopo huo uandikwe kwenye hati.